Tovuti tatu, saa tatu: ratiba ipi ya treni uiamini?

Msomaji ameuliza: "Mwezi ujao nitasafiri kwa treni katika nchi nisiyoijua, usiku wa Ijumaa, na njiani nitabadilisha treni mara moja. Tovuti moja inaniambia treni inaondoka 23:50. Ya pili inasema 00:20. Ya tatu inasema usiku huo hakuna treni kabisa. Nauli nazo kila tovuti na yake. Mwaka jana nililipia tiketi mtandaoni, hela ikakatwa, tiketi haikuja. Hizi tovuti zinaaminika kweli, au niende tu nikakate dirishani siku ya safari?"

Nianze na hiyo treni yako ya usiku, maana nikiutazama ujumbe wako naona upo uwezekano kwamba tovuti zote tatu zimekuambia kweli.

Chukulia ni treni moja tu. Inaondoka stesheni kuu ya mji 23:50 Ijumaa, inajikokota kwenye viunga, halafu inasimama stesheni ya pili ya mji huohuo 00:20. Tovuti ya kwanza ilikuonyesha stesheni kuu, ya pili ikakuonyesha ile ya pembeni. Ya tatu uliiuliza kuhusu stesheni ya pembeni, tarehe ya Ijumaa, nayo ikakujibu kama karani mkaidi: Ijumaa usiku hapa hapapiti treni. Na kweli hapapiti, kwa sababu 00:20 si Ijumaa tena.

Kiswahili kililiona jambo hili zamani, ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Kompyuta haina msemo huo. Kwake siku inakatika saa sita kamili usiku, basi. Anayejaza "Ijumaa" huku akiitaka treni ya 00:20 atauziwa kiti cha usiku wa kuamkia Ijumaa bila kuulizwa swali lolote, na atakapofika stesheni na begi lake, treni aliyoilipia itakuwa imeshaondoka saa 24 zilizopita. Nimeshughulika na data za ratiba kwa miaka mingi, na sijaona kosa linalojirudia kama hili. Tiketi huwa haina kasoro hata moja. Tarehe ndiyo siyo.

Na ukifungua faili zenyewe zinazolisha tovuti hizi, utaona kwa nini tovuti mbili hazielewani. Ratiba nyingi za usafiri wa umma duniani husambazwa kwa mpangilio uitwao GTFS, ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005, pale shirika la usafiri la mji huo, TriMet, liliposhirikiana na Google. Ni faili za maandishi matupu, unaweza kuzisoma kwa macho. Moja inaorodhesha vituo, nyingine safari, nyingine saa ambazo kila safari inagusa kila kituo. Sasa treni yako, kwa kuwa ilianza safari Ijumaa, kwenye faili hiyo haiandikwi 00:20. Inaandikwa 24:20:00, saa ishirini na nne na dakika ishirini za siku ya Ijumaa. Nimeona hata 25 na 26. Ni njia ya busara ya kusema kwamba safari bado ni ya jana ingawa saa ya ukutani imeshavuka usiku wa manane. Lakini kila mwenye tovuti huamua mwenyewe jinsi ya kumwonyesha abiria hiyo 24:20. Mmoja anaiacha chini ya Ijumaa, mwingine anaihamishia Jumamosi. Data ni ileile.

Kwa hiyo usilinganishe saa. Linganisha namba ya treni. Karibu kila treni ya masafa ina namba yake, na tovuti nyingi huionyesha ukibofya maelezo ya safari. Namba ikiwa moja kwenye tovuti mbili, hiyo ni treni moja, na kilichobaki ni kujua kila tovuti inataja stesheni gani na tarehe gani. (Na kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, naongeza hili: ukimwagiza mtu akukatie tiketi, mtajie 19:15 kama ilivyoandikwa. Ukimwambia "saa moja na robo", umemwachia kazi ya kukisia.)

Majina ya stesheni nayo yana mitego yake. Ujerumani kuna Frankfurt am Main, ule mji mkubwa wa mabenki, na kuna Frankfurt (Oder), upande wa pili wa nchi, kwenye mpaka wa Poland. Kisanduku cha kutafutia kinakupa yote mawili, na kidole kikiteleza kwenye simu umejikatia safari ya nchi nzima. Paris haina stesheni kuu moja. Ina Gare du Nord, Gare de Lyon, Montparnasse na nyingine kadhaa, na treni za kusini hazitokei zinakotokea za kaskazini. Venezia ina Santa Lucia, iliyo ndani ya mji wa kisiwani, na Mestre, iliyo bara. Ukiandika jina kwa lugha nyingine, tovuti nyingine zinaelewa, nyingine zinakwambia hakuna mahali kama hapo. Jaribu jina la wenyeji: Wien (Vienna), Praha (Prague), Firenze (Florence), København (Copenhagen).

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, kama zinaaminika. Mimi nisingeliuliza hivyo. Tovuti moja inaweza kuwa ya kutegemewa kabisa kwa saa za treni na ikawa bure kabisa kwa tiketi, au kinyume chake. Ratiba unayoiona mtandaoni ni nakala. Cha kuuliza ni imenakiliwa kwa nani na lini. Tiketi ni mkataba. Cha kuuliza ni umefunga na nani.

Kwa upande wa nakala, chanzo ni shirika linaloendesha treni, au lile linalomiliki njia ya reli. Hao ndio wanaojua kwamba Jumapili fulani njia itafungwa kwa matengenezo. Wengine wote, wakiwemo ramani za kwenye simu yako, wanapokea faili na kuzisoma upya kila baada ya muda. Faili ina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ikikaribia kwisha na mpya haijaletwa, tovuti ya kunakili itakuonyesha ratiba ya zamani au itakwambia hakuna treni. Kwa Ulaya kuna siku maalumu ya kuihofia: ratiba mpya ya mwaka huanza usiku wa Jumamosi ya pili ya Desemba, kuamkia Jumapili. Ukipanga mapema safari inayovuka siku hiyo, unaweza kuona treni kibao kabla yake na utupu baada yake. Treni hazijafutwa. Ratiba tu haijapakiwa.

Hata mwenye reli mwenyewe anaweza kuvurugikiwa. Mei 2018 huko Uingereza ratiba mpya ilianza ikiwa imechelewa kukamilika, na kwa wiki kadhaa abiria wa kaskazini mwa Uingereza na wa Thameslink, treni zinazopita London, walikuwa wakitazama treni zinazoonekana kwenye ratiba na zisizotokea relini. Hakuna tovuti ambayo ingekuokoa hapo, kwa sababu zote zilikuwa zikinakili kwa uaminifu mpango usiotekelezeka.

Na "hakuna treni" mara nyingi maana yake ni "bado hatujaanza kuuza". Kila nchi ina dirisha lake la mauzo. India walikuwa wakiuza siku 120 kabla ya safari, na kuanzia 1 Novemba 2024 wakapunguza hadi siku 60. China dirisha la kawaida ni kama siku 15 tu. Anayetafuta treni ya Beijing miezi miwili mbele atakuta ukurasa mweupe na kudhani njia hiyo haina treni. Hapa fanya hila ndogo: tafuta safari ileile, siku ileile ya wiki, lakini wiki hii. Ukiona treni, basi ipo, na ya mwezi ujao inasubiri tu kufunguliwa.

Kwa kuangalia saa za treni zinazovuka mipaka ya nchi za Ulaya, mimi huanza na tovuti ya Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, hata kama safari yangu haigusi Ujerumani. Mtambo wanaoutumia kutafutia ratiba una ratiba za sehemu kubwa ya bara hilo. Tiketi zenyewe hawauzi zote, na hilo si kosa lao. Kwa ushauri wa kibinadamu, yaani wapi pa kukata tiketi ya nchi gani na kwa siku ngapi kabla, kuna tovuti ya Seat 61 ya Mwingereza Mark Smith, ambayo tangu 2001 imekuwa ikieleza mambo haya kwa subira nisiyokuwa nayo.

Saa za moja kwa moja, zile zinazosema treni imechelewa dakika 12, ni jambo jingine. Hizo ni makadirio. Mfumo unajua treni ilipita wapi mara ya mwisho na unapiga hesabu. Zikubali ukiwa stesheni. Usizitumie kupanga safari ya mwezi ujao. Na njia nyingine hazikadiriki: sehemu kubwa ya treni za abiria za Amtrak huko Marekani hupita kwenye reli za makampuni ya mizigo, na treni ndefu ya mizigo ikiwa mbele, unangoja.

Nauli. Wengi huamini tovuti inakukumbuka na kupandisha bei ukirudi mara ya pili. Kuna sababu ya kawaida zaidi. Viti vya treni za masafa hugawanywa kwenye mafungu: vichache vya bei ya chini, vingine vya kati, vinavyobaki vya juu. Fungu la chini likiisha, bei inaruka, iwe umefuta historia ya kivinjari chako au hujafuta. Ukitafuta viti vinne kwa pamoja na fungu la chini limebaki na viwili, mifumo kadhaa, ikiwemo ya tiketi za mapema za Uingereza, itawapa wote wanne bei ya fungu la juu. Jaribu kutafuta mtu mmoja kwanza uone. Tofauti nyingine kati ya tovuti na tovuti ni ada ya wakala na kiwango anachotumia kubadilisha fedha, na vyote viwili hupenda kujitokeza kwenye ukurasa wa mwisho, ukiwa umeshachoka kujaza fomu.

Kuhusu hela iliyokatwa na tiketi isije, pole. Ngoja nikueleze kilichotokea nyuma ya skrini, kwa sababu ukikijua utatulia siku kikijirudia. Ulipobofya "Lipa", kompyuta mbili zilianza kuzungumza, kwa hatua tatu. Ya shirika la reli ilishikilia kiti kwa dakika chache. Ya benki ikaidhinisha fedha. Halafu ile ya kwanza ikatakiwa kurudi kuthibitisha kiti na kutoa tiketi. Mtandao ukikatika kati ya hatua ya pili na ya tatu, benki inajua umelipa na reli haijui lolote. Kile kiduara kinazunguka, wewe unabofya tena, na sasa una makato mawili na tiketi sifuri.

Siku nyingine, usibofye tena. Ingia kwenye akaunti yako, fungua ukurasa wa safari zako, kwani wakati mwingine tiketi imetoka na barua pepe tu ndiyo haikufika. Tazama pia kwenye kapu la barua taka. Kisha angalia benki: je, fedha zimechukuliwa au zimeshikiliwa tu? Zilizoshikiliwa huwa zinarudi zenyewe tiketi isipotoka. Zikiwa zimechukuliwa, waandikie ukitaja saa kamili, kiasi na namba ya muamala. Hiyo namba ya muamala ndiyo inayowafanya wakutafute kwenye mfumo. Bila hiyo wewe ni mlalamikaji tu kati ya wengi.

Na soma hali ya tiketi yenyewe. India, kwa mfano, unaweza kulipa na kupewa tiketi iliyoandikwa WL, yaani uko kwenye foleni ya kungoja, au RAC, ambayo inakuruhusu kupanda lakini unagawana kitanda cha pembeni na mwenzio, mmekaa, hadi mtu aghairi. Ya WL iliyokatwa mtandaoni, jina lako lisipopanda hadi orodha ya mwisho ya abiria ifungwe, inafutwa yenyewe na nauli inarudishwa. Umelipa, una karatasi, na treni huna.

Sasa mkataba. Hapa ndipo ninapokaza sauti. Ukinunua kwa wakala, shirika la reli linamjua wakala. Mimi mwenyewe niliwahi kukata tiketi kupitia wakala mmoja wa mtandaoni kwa sababu tovuti yake ilikuwa nzuri na ile ya shirika ilikuwa inakwamakwama. Wiki moja kabla ya safari shirika likabadilisha saa, treni iondoke dakika arobaini mapema zaidi. Taarifa ilitumwa. Ilitumwa kwa wakala, kwenye anwani ya barua pepe ambayo inaelekea hakuna mtu aliyekuwa akiisoma. Nilifika nikiwa na robo saa ya ziada, nikijipongeza, nikakuta jukwaa limefagiliwa. Dirishani wakaniambia kwa adabu kwamba suala langu ni la wakala. Wakala akaniambia ni la shirika. Nilikata tiketi nyingine, ya bei ya juu.

Tangu hapo, kanuni yangu ni kununua kwa mwenye treni inapowezekana, hata kama tovuti yake ni mbovu. Ninamwendea wakala pale tu ambapo mwenye treni hapokei kadi yangu, au pale ninapotaka treni za mashirika mawili ziwe kwenye tiketi moja. Hilo la pili linakuhusu, kwa kuwa unabadilisha treni njiani. Tiketi moja ya safari nzima na tiketi mbili zilizonunuliwa pamoja zinafanana sana kwenye skrini, ila si kitu kimoja. Ukiwa na moja, treni ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, mashirika ya reli ndiyo ya kukufikisha. Ukiwa na mbili zisizohusiana, hasara inaweza kuwa yako yote.

Katika Umoja wa Ulaya jambo hili limeandikwa. Kanuni ya haki za abiria wa reli, namba 2021/782, inayotumika tangu 7 Juni 2023, inasema muuzaji aliyeunganisha tiketi za mikataba tofauti kwa hiari yake bila kukwambia kwamba ni mikataba tofauti, ukaachwa na treni ya kuunganisha, atakurudishia ulicholipa na fidia ya asilimia 75 juu yake. Ndiyo maana tovuti siku hizi huandika, kwa herufi ndogo za kijivu, kwamba safari yako ina mikataba miwili. Herufi hizo ndizo za kusoma. Kanuni hiyohiyo inatoa fidia ya asilimia 25 ya nauli kwa kuchelewa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, isipokuwa kwa dharura kubwa zilizo nje ya uwezo wa reli. Uingereza wana utaratibu wao: unaweza kugawa safari moja kwenye tiketi mbili au tatu ili kupunguza nauli, na bado ikahesabika safari moja, mradi treni isimame kwenye stesheni ambako tiketi moja inaisha na nyingine inaanza.

Matapeli nitawapitia haraka. Matokeo ya juu kabisa kwenye utafutaji mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, na jina linaweza kufanana na la shirika kwa herufi zote isipokuwa moja. Alama ya kufuli pembeni ya anwani inasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Haisemi unazungumza na nani. Andika anwani ya shirika mwenyewe, au ifuate kutoka kwenye ukurasa rasmi.

Je, usubiri dirishani? Inategemea treni. Za karibu, zisizo na namba za viti, nauli yake kwa kawaida haipandi kwa kuchelewa kukata. Nenda tu dirishani. Lakini kwenye treni za kasi kama TGV za Ufaransa na Eurostar, kila abiria lazima awe na kiti kilichotengwa, na treni za usiku zenye vitanda hujaa. Yako inaondoka karibu na usiku wa manane na inakwenda mbali. Usisubiri.

Basi fanya hivi leo jioni. Fungua ile tovuti ya tatu, iliyosema hakuna treni, na utafute stesheni ileile kwa tarehe ya Jumamosi, kuanzia 00:00. Ukikuta 00:20, iandike namba yake. Rudi kwenye ya kwanza, bofya ile ya 23:50, uitazame namba. Zikiwa sawa, kata tiketi ya stesheni iliyo karibu na utakapokuwa usiku huo, na kabla ya kulipa soma tarehe kwa sauti. Zikiwa tofauti, nitumie zote mbili pamoja na majina ya stesheni kama yalivyoandikwa, bila kuyatafsiri.